Gunia la Ijumaa

Miaka ile uhuru ungali mchanga, huku kwetu kandokando ya Ekerenyo hapakuwa na mikono iliyosifiwa kama ya mzee Obadiah. Watu waliletwa kwake kwa machela, shingo zimekauka kama gogo, viuno vimegoma, naye akawakanda kwa samli ya moto mpaka wakaondoka kwa miguu yao. Lakini Loice, mke wa mwanawe, alikuwa wiki ya tatu kitandani, hawezi hata kugeuka amnyonyeshe mtoto, na Obadiah hakumtibu.

Kumgusa hakuweza. Kwetu baba mkwe hamgusi mkamwana, wala haingii chumba anacholala. Hiyo ndiyo chinsoni, na haijui kama kuna ugonjwa. Angeweza kumwelekeza mtu mwingine amkande, ila mkewe Drusilla alisema Loice aliteleza mtoni akaangukia kiuno. Obadiah akakataza. Kama ni kuanguka, alisema, huenda mfupa umepata ufa. Asiguswe, alazwe tu.

Drusilla alijua Loice hakuanguka.

Ilikuwa Ijumaa, jua linashuka, na Sabato haimngoji mtu. Unga ulikuwa umekwisha na wageni wa kanisa wako njiani. Mtoto wa Loice hajatimiza mwezi, na mzazi wa namna hiyo hulishwa uji na kuota moto, habebeshwi kitu. Drusilla akamtoa ndani. Ni hapo tu kwenye mashine ya kusaga, alimwambia, wakainama pamoja kuliinua gunia la wimbi. Loice alipojaribu kujinyoosha, kiuno kikamshika, akaketi chini palepale. Kabla majirani hawajafika, Drusilla alikuwa ameshaitunga habari ya mto. Loice akaitikia.

Sasa Alfayo, mume wa Loice, aliyekuwa kibarua katika majani chai kule Kericho, alituma habari nyingine. Daktari wa huko, aliyesimuliwa ugonjwa huo, alikuwa amesema kiuno kisipolegea, Loice apelekwe apasuliwe. Jumatatu angekuja na gari. Tangu hapo, kila mara mtoto alipolia ndani, Drusilla alijiona yeye ndiye anayeshtakiwa.

Alimkuta mumewe nyuma ya nyumba, anachonga mpini wa jembe.

"Baba Alfayo, yule hakuanguka."

Obadiah akaendelea kuchonga.

"Nilimbebesha gunia."

Kisu kikasimama. Hakumuuliza kwa nini. Alimuuliza Loice alikuwa anainama au anainuka, na maumivu yalianzia upande gani. Drusilla akajibu yote, macho chini.

"Wiki tatu," Obadiah alisema, "nimekaa na mikono hii kama ya kuchokolea meno."

"Nipige, basi."

"Nikikupiga atapona? Nenda kachemshe samli."

Jioni ile Obadiah alisimama nje, ameupa mgongo ukuta wa chumba cha Loice, akaelekeza kwa sauti. Alale kifudifudi, nguo zikunjwe chini ya tumbo. Uti wenyewe usiguswe. Vidole gumba vipite pembeni, palipokaza kama kamba. Drusilla akakanda, na kwa hofu akakandamiza mno, Loice akaguna.

"Husongi ugali, mama," ukuta ukasema. "Pole pole."

Loice akacheka kidogo, uso kwenye mto wa kulalia. Kisha akasema, "Hapo, mama. Hapo hapo."

Machozi ya Drusilla yakadondokea kwenye samli. Akamuuliza kwa sauti ya chini kwa nini hakumwambia mtu, hata mumewe.

"Alfayo huenda zake Kericho," Loice alijibu. "Mimi na wewe ndio tunaobaki hapa."

Jibu lile halikuwa na ubaya wowote, na lilimuuma Drusilla kuliko tusi. Akakanda asubuhi na jioni, kila siku, na siku ya Sabato kanisani hakujisikia kuimba.

Jumatatu gari lilipopiga honi, Loice alitoka mwenyewe. Alikuwa amepinda kama ajuza na ameshika mwimo wa mlango, lakini alikuwa kwa miguu yake. Alfayo akabaki mdomo wazi. Aliposikia ni mikono ya mama yake, aliikamata yote miwili akashukuru mpaka dereva akazima injini asikilize.

Loice akatazama chini, tayari kuficha tena.

Drusilla akaivuta mikono yake.

"Keti kwanza, Alfayo," alisema. "Usinishukuru bado."