Chumba Kimoja na Wifi

Wifi yangu aliingia darasani, akanipita kama mtu anavyopita nguzo ya umeme, akaweka mkoba wake juu ya meza ambayo nilikuwa nimeshaweka wangu. Hakuusogeza wangu. Aliulalisha wake juu yake, taratibu, huku darasa zima likitutazama. Watoto wana pua ya ugomvi kuliko paka kwa samaki.

"Habari za asubuhi, Mwalimu," nikasema.

"Asubuhi ni ya wote," akajibu, akafuta ubao niliokuwa nimeuandika nusu.

Ndivyo ilivyoanza timu yetu.

Kabla ya hapo tulikuwa na ukuta. Yeye upande ule akifundisha lugha, mimi upande huu hesabu, na kati yetu matofali ya kutosha kumwezesha mtu kuishi na adui yake kwa amani. Kisha mkuu wa shule alirudi kutoka semina na moto kichwani. Likizo haijaisha, mafundi wakauangusha ukuta, vyumba viwili vikawa kimoja kirefu kama ghala. Humo tungefundisha kwa pamoja: mimi, wifi, na mzee wa sayansi aliyekuwa anakaribia kustaafu. Kila mtoto angekwenda kwa mwendo wake. Aliyekwama angepewa mwalimu anayemfaa, aliyeelewa asingojeshwe. "Mtoto mmoja, macho ya walimu watatu," alisema mkuu, akiyafurahia maneno yake mwenyewe. Mzee wa sayansi alinitazama mimi, akamtazama wifi, akavua miwani akaanza kuifuta.

Shule nzima ilijua. Mume wangu alipofariki, udongo wa kaburi haujakauka, dada yake alikuja na fundi seremala na kitasa kipya. Nyumba ilikuwa ya wazazi wao, alisema, nami nilikuwa mgeni aliyepitiliza. Nilitoka na binti yangu, magodoro na sufuria, nikapanga vyumba nyuma ya kiwanda cha mbao, ambako vumbi la msumeno lilituingia hadi kwenye chumvi. Tangu siku ile neno wifi halikutoka tena mdomoni mwangu mbele yake. Nilimwita Mwalimu, naye akaniita Mwalimu, na heshima ile ikawa jiwe la kurushiana.

Chumba kikubwa kilitupa uwanja. Nilipanga madawati kwa makundi, yeye akayarudisha kwenye safu. Kundi lake liliposoma kwa sauti, langu liliimba jedwali la saba kwa sauti ya kulifunika. Katikati yetu mzee wa sayansi aliinama juu ya maharage yake yaliyooteshwa kwenye pamba, akiwanong'oneza watoto habari za mizizi kama mtu anayepitisha magendo.

Kila Ijumaa mchana timu ilikutana katika stoo ya vitabu, tukamjadili mtoto mmoja mmoja: nani amekwama, wapi, nani amchukue. Ijumaa moja wifi alisema, macho yake yakiwa dirishani, "Yule wa dawati la mwisho nitamchukua mimi, kwenye kona yangu."

Yule wa dawati la mwisho alikuwa binti yangu.

"Huyo ana mama," nikasema.

"Anaye. Na yuko darasa la nne hajui kusoma."

Nilicheka. Mtoto aliyejumlisha kichwani upesi kuliko wakubwa zake, aliyenisomea kitabu chake cha darasa kila jioni bila kukosea neno. Wifi hakubishana. Alichomoa rafuni kitabu kipya, akatoka hadi uwanjani, akarudi na binti yangu, akamsimamisha mlangoni.

"Msomee mama yako."

Binti yangu alikifungua. Midomo ikamcheza. Akaitazama picha, kisha akaanza: palikuwa na mbuzi, palikuwa na mto, palikuwa na mtu mwenye kofia aliyeogopa maji. Aliitunga vizuri sana. Nilisimama nyuma ya bega lake nikiufuata ukurasa, na hakuna hata sentensi moja ya kwake iliyokuwamo. Kumbe kile cha jioni alikuwa amekimeza kwa masikio darasani, wenzake wakisoma.

Alipokwisha kwenda, nikamgeukia wifi. "Umemdhalilisha mwanangu ili unipate mimi."

"Wewe nilishakupata zamani." Alikirudisha kitabu rafuni. "Herufi zinamcheza. Kaka yangu alikuwa hivi hivi. Hukujua?"

"Mume wangu alikuwa anasoma."

"Nani alikuambia? Mimi ndiye nilikuwa macho yake mpaka siku alipokuoa. Baada ya hapo ukaja wewe."

Nilikaa juu ya boksi la vitabu. Kila jioni ya ndoa yetu alikuwa akiniwekea gazeti mapajani: nisomee wewe, mama, sauti yako inanipumzisha. Niliwahi hata kuwaringia mashoga zangu kwa ajili ya sauti hiyo. Na sasa mwanamke aliyeninyang'anya nyumba alikuwa ananinyang'anya na hilo, tena bila kusema uongo.

Mzee wa sayansi alijikohoza. Hakuna aliyemsikiliza.

"Mchukue," nikasema. "Ila asije nyumbani na maneno yako."

"Atakuja na ya kitabuni."

Akamwekea sinia la mchanga, binti yangu akaandika herufi kwa kidole huku akizitamka. Mzee alimkatia kadibodi yenye tundu, ya kuonyesha neno moja na kuficha mengine. Mimi niliamriwa kumsomea mafumbo ya hesabu badala ya kumpa ayasome. "Usimharakishe, Mwalimu," wifi alikuwa akinipigia kelele kutoka upande wa pili, mbele ya watoto wote, nami nikameza, nikarudia pole pole. Siku nyingi nilimchukia zaidi alipokuwa na haki kuliko alipokuwa hana.

Asubuhi moja, tukipita langoni pa kiwanda cha mbao, binti yangu alisimama mbele ya kibao. "Ha-ta-ri," akasema. Akavuta pumzi. "Usi-i-ngie." Kisha akakasirika. "Mama, hiki kibao kiko hapa siku zote?"

Leo ni mtu mzima, na bado hupitisha kidole chini ya mstari anaposoma, hata mbele za watu. Kwa shangazi yake huenda mwenyewe. Mimi kizingiti cha nyumba ile sijakivuka tena, na nyumba haikurudi.

Mwisho wa mwaka ule mkuu alituita walimu wote. Anayetaka kuhama timu yake anyooshe mkono, alisema, hataulizwa sababu. Alinitazama mimi, kisha wifi, kama mtu anayetushikilia mlango wazi. Nilimsubiri wifi aanze. Nadhani naye alinisubiri mimi. Mikono yetu ilibaki mapajani.

Aliyenyoosha alikuwa mzee wa sayansi.