Jiwe la Wadha

Mimi sipendi uchafu. Nalisema mapema nisije nikaambiwa nimeficha. Nimelelewa Malindi, Unguja, na bibi aliyekuwa akifagia mpaka mbele ya mlango wa jirani, na nilipokuja Oman nilikuja na tabia hiyo pamoja na cheti changu cha kuchora ramani.

Mwaka wa sabini na nane nikapata kazi baladiya, yaani ofisi ya mji, katika mji mdogo ulio njiani kabla ya kufika Nizwa. Barabara mpya ya lami ilikuwa imepita mbali na soko la zamani, na wenye maduka walikuwa wanaifuata mmoja mmoja. Katika maduka thelathini yalibaki tisa. Wakubwa wa Maskati wakakubali soko lijengwe upya pale pale, litiwe umeme na sakafu ya mawe, kwa sharti moja: uwanja wa katikati ulikuwa mali ya wenye mashamba ya mitende, nao watie saini kabla ya Jumatano kwisha. Wasipotia, mradi unakwenda mji mwingine, na soko letu ndiyo basi tena.

Ramani niliichora mimi, Shukriya, miezi mitatu. Upande wa magharibi wa uwanja nilitia ghorofa yenye roshani za mbao kama za kwetu. Sikumwambia mtu kwa nini, lakini kila nikizitazama roshani zile moyo wangu ulikuwa unatua.

Jumamosi mudiri wetu Hamdun, mkuu wa ofisi, mtu wa mji wa Matrah asiyejua shamba wala mtende, akaniambia wageni wa Maskati wanakuja kesho kuuona uwanja. Nikaenda kuutazama tena. Katikati palikuwa na nguzo nyembamba ya mti, na kuizunguka mawe makubwa kama ngumi yametawanyika kila upande. Kwa macho yangu yalikuwa mabaki ya ukuta ulioanguka. Jua lilipozama nikawaleta vibarua wawili na gari, mawe yote wakayamwaga wadini, kwenye mto mkavu, uwanja ukafagiwa. Nguzo niliiacha kwa sababu ilikuwa imekwenda chini sana.

Wageni walifurahi. Wenye mashamba hawakutia saini hata mmoja. Wakinikuta njiani walinipa salamu na kutazama pembeni, nami nikawaita vichwa vigumu, tena si kimoyomoyo.

Jumatatu wakaja wawili ofisini. Wadha, mjane mwenye shamba chini ya ngome, alizungumza Kiarabu cha huko, nikashika nusu yake. Khalaf, mzee anayesimamia zamu za maji ya falaji, yaani mfereji wa mashamba, alikaa Tabora miaka ishirini, akanifasiria, na sidhani kama alinipunguzia kitu.

"Shikamoo," nikasema.

"Marhaba. Anasema, bibi, tangu jana mitende yake haikunywa. Jirani yake kakataa kufunga mfereji, anasema zamu yake haijesha. Na hakuna wa kuamua, maana saa yetu umeitupa wadini."

"Saa gani, mzee?"

"Ile nguzo na mawe yake. Kivuli kikifika kwenye jiwe, zamu ya mtu imekwisha, anafunga, mwenzake anafungua. Usiku tunatazama nyota. Mchana ni mawe yale, toka zama za wazee. Na hiyo plani yako ina ghorofa itakayoziba jua la alasiri. Hata ungetuachia mawe, kivuli tungekipata wapi?"

"Kwa nini hamkuniambia?"

"Mwanangu, nani humwambia mtu mzima saa isitupwe? Tulidhani unajua. Tulidhani ndiyo plani yenyewe."

Mimi ni mwepesi wa hasira na nilikuwa tayari kujibu. Safari hii niliona haya mpaka masikio yakawaka moto. Nikamwomba Khalaf ayarudishe mawe mahali pake.

"Mimi najua kuyasoma," akasema. "Aliyeyapanga kafa zamani. Na hawa wengine usiwaulize. Kila mmoja analikumbuka jiwe lake pale panapomfaa mwenyewe."

Hapo ndipo nilipoikumbuka karatasi ya kwanza, ile niliyoupimia uwanja kabla ya kuchora ramani. Mwalimu wangu alitufundisha kupima kila kitu kilicho juu ya ardhi, hata kile utakachokiondoa. Nikalifungua kabati. Ilikuwepo: nguzo katikati na nukta ishirini na tatu, kila moja na kipimo chake, na pembeni, kwa mwandiko wangu mzuri, neno "takataka".

Nikachukua kifutio, nikaifuta ghorofa kwenye ramani mbele yao, roshani na yote. Iliniuma, sisemi uongo.

Jumanne asubuhi vibarua walirudisha mawe, nami nikapiga magoti kwenye vumbi na utepe wa kupimia. Wenye mashamba walikaa ukutani wakinitazama. Adhuhuri jiwe la mwisho likakaa mahali pake, na Khalaf akavua saa yake ya mkononi, maana kila zamu ni nusu saa kamili. Jiwe la kwanza, sawa. La pili, sawa. La tatu na la nne, sawa. Likaja la Wadha, na kivuli kikaligusa kabla ya wakati, dakika tatu nzima.

Watu wakaanza kunong'ona. Nikajua nimekosea, na jiwe moja likiwa na kosa hakuna atakayeyaamini mengine, na kesho ni Jumatano.

Khalaf akaitikisa saa yake, akaitazama tena. Kisha akacheka mpaka akakaa chini.

"Ndilo hasa," akasema. "Jiwe la Wadha linawahi dakika tatu toka enzi za babu wa marehemu mumewe. Jirani wamelilalamikia miaka hamsini, wallahi. Angelipanga mtu upya kwa kufuata saa, angelipanga sawa."

Jirani aliyekuwa amekataa kufunga mfereji akainuka, akaguna, akaenda kuufunga. Wadha akafungua wa kwake, dakika tatu kabla, kama ada. Halafu akaja moja kwa moja kwenye karatasi ya saini na mkono unaochuruzika maji, akachovya kidole kwenye wino, akakikandamiza. Wengine wakajipanga nyuma yake.

Soko likajengwa, fupi upande wa magharibi, na maduka yakaanza kurudi. Lakini ile Jumatano asubuhi Hamdun aliitazama karatasi, akaona alama ya Wadha imeenea kama doa la mchuzi, akataka ichapwe upya, watu watie saini nyengine iliyo safi.

Nikamwambia aiache hivyo hivyo.