Sinema za Mji wa Jivu

Saa nane na nusu mchana, mvua ya Kakamega ikiwa bado haijafika, Andati alikuwa akisahihisha kazi ya Lynette. Alifanya hivyo kila siku baada ya chakula. Lynette alikulia Malava, na vidole vyake vilichanganya l na r kama ulimi wake, kwa hiyo kabla ya kuwasilisha chochote alimtumia Andati faili nzima. Andati aliipitia mstari kwa mstari, akageuza "kurara" kuwa "kulala" na "mrango" kuwa "mlango", kisha akaihamishia kwenye faili kuu ya ofisi. Lynette alimletea mandazi mawili ya kumshukuru. Andati aliyala polepole, kwa sababu yalikuwa mazuri.

Ofisi ilikuwa ghorofa ya pili, juu ya duka la mbegu na dawa za mifugo. Kampuni moja ya ng'ambo ilikuwa ikitengeneza mchezo wa video kuhusu dunia iliyokwisha kuungua. Mchezaji hutembea katika mji uliofunikwa na jivu akitafuta maji na betri, na katikati ya mji huo kuna jumba la sinema lililobomoka nusu ya paa. Kampuni ilitaka kuta za jumba hilo zijae mabango ya sinema zilizotengenezwa kabla ya moto. Sinema zenyewe hazikuwahi kuwepo. Vijana watatu wa Kakamega walilipwa kuzibuni kwa Kiswahili. Kila bango lilihitaji jina, maneno arobaini ya kueleza kisa, na chini kabisa, "Imeandikwa na", halafu jina la mwandishi.

Andati alikuwa na shahada ya fasihi ya daraja la kwanza. Sinema zake zilihusu wafalme vipofu na saa zilizokataa kwenda mbele, na kila moja ilikuwa na maneno arobaini kamili. Lynette alisomea sayansi ya udongo. Sinema zake zilihusu mkwe aliyenyimwa firigisi, katekista aliyeficha ng'ombe kanisani, na kwaya ya wanawake iliyokwenda mashindanoni Chekalini bila mtu wa kuimba besi. Shantel, wa tatu wao, aliandika kuhusu mapenzi ili amalize mapema aende nyumbani.

Saa tisa kasoro robo wageni walipanda ngazi.

Walikuwa watatu, wamevaa makoti yaliyoungua pindo na barakoa za mpira zenye vichujio viwili mashavuni. Mlinzi wa chini, Mzee Wanzala, alikuwa ameshawaandikisha kitabuni. Penye "Unakotoka" waliandika Mji wa Jivu, yaani ule mji wa kwenye mchezo, na penye "Sababu ya kuja" wakaandika kuuliza. Mzee Wanzala aliwaambia wapanguse viatu, akawafundisha kusalimu "mulembe" kama watu wa huku, maana hata mtu akitoka mbali kiasi hicho haifai aingie kimya.

"Mulembe," alisema mkubwa wao.

"Mulembe muno," alijibu Lynette. "Karibuni. Viti ni viwili tu, mmoja akalie ndoo."

"Tunamtafuta aliyeandika Mkwe na Firigisi."

"Ni mimi."

"Tumelisoma bango lako miaka kumi na moja," alisema mgeni. "Mashine ya kuonyesha ilikufa, na chumba cha filamu ni kitupu. Tunataka kujua, mkwe alipewa?"

"Lynette, wako hao," alisema Shantel bila kuinua kichwa. "Na hilo jivu wanalomwaga mtafagia wenyewe. Mimi si yaya wa mtu."

Lynette alisogeza kiti. Aliwaeleza kwanza firigisi ni nini, kwamba upande huu mwanamume akipikiwa ingokho, yaani kuku, na firigisi isionekane sahanini, ameambiwa yeye si wa nyumba hiyo. Kisha akawaambia mwisho. Mkwe, katika hasira yake, anaingia jikoni na kukuta firigisi za miaka tisa zimekaushwa juu ya moshi. Mama mkwe anamwekea mwanawe aliyeondoka asirudi. Mkwe anachukua moja, anaichemsha hadi jioni, anaiweka mbele ya mama mkwe, na mama, ambaye kwa kuwa mwanamke hajawahi kuruhusiwa kuionja maishani mwake, anakula.

Vioo vya barakoa za wageni viliingia ukungu. Walikaa kidogo, wakashukuru, wakashuka. Mvua ilipoanza walisimama nje wakiwa wamekinga viganja, kwa sababu kwao hainyeshi.

Andati alikuwa amesikia kila neno. Alirudi kwenye kazi yake na kukuta amesoma sentensi moja mara sita.

Wageni walikuja kila siku baada ya hapo, na kila siku walikwenda kwa Lynette. Andati alihamisha meza yake karibu na mlango. Alianza kuvaa shati jeupe. Siku moja alimshika mgeni mkono kabla hajapita.

"Na Saa ya Mfalme Kipofu, je? Mmeiona?"

"Tumeiona," alisema mgeni kwa upole. "Bango ni zuri. Liko karibu na choo."

"Hamtaki kujua inaishaje?"

Mgeni alifikiri kwa uaminifu. "Hapana," alisema.

Shantel alicheka hadi akashika tumbo. "Andati, pole bro! Angalau watu wa choo wanakusomanga."

Lynette hakucheka. Jioni, walipokuwa wakishuka ngazi, alimwambia kwamba yeye aliipenda ile ya mfalme kipofu, hasa mahali anapogusa uso wa mtumishi wake. Andati alimshukuru. Alitembea hadi nyumbani akiyarudia maneno hayo moyoni, na kila alipoyarudia yaliuma zaidi, kwa sababu aliyaamini.

Mwezi wa nne, msimamizi wao, Madam Ayuma, alifunga mlango na kuwakalisha. Alisema kampuni imepima mabango ambayo wachezaji wa majaribio husimama mbele yake kwa muda mrefu zaidi. Itamwajiri mwandishi mmoja kwa kudumu, na wengine mikataba yao itaisha.

"Faili inafungwa Ijumaa," alisema. "Atakayebaki ni yule ambaye jina lake liko kwenye hayo mabango. Msiniulize ni gani, mimi sijaambiwa."

Kila mtu pale ndani alijua ni gani. Shantel alianza kupanga vitu vyake kwenye mfuko siku hiyohiyo.

Ijumaa mchana Lynette alimtumia Andati sinema zake zote thelathini na moja kwa mara ya mwisho. "Angalia ile ya kwaya vizuri," alimwambia. "Pale kwa rangi ya magauni sina hakika." Kisha akaenda kumpeleka shangazi yake hospitalini, maana shangazi alikuwa na miadi ya kliniki ya macho.

Andati alisahihisha zote. Alikuwa makini kuliko siku nyingine yoyote, na hakuna l wala r iliyomponyoka. Alipofika kwenye safu ya mwisho, "Imeandikwa na", alifuta jina la Lynette na kuandika lake, kutoka la kwanza hadi la thelathini na moja. Alipomaliza chai yake ilikuwa bado ya moto, akainywa.

Jumatatu toleo jipya la mchezo lilitoka, likiwa na majina ya faili ile mabangoni. Saa tisa kasoro robo wageni saba walipanda ngazi. Wawili kati yao walikuwa wameshakaa na Lynette mara nyingi, na mmoja alikuwa amemletea skurubu ya shaba kama zawadi. Walimsalimia, "Mulembe, dada," wakampita kama mtu anayempita karani wa benki, wakasimama mbele ya Andati.

"Wewe ndiye Andati?"

"Ndimi."

"Ile kwaya ya wanawake," alisema wa mbele. "Besi waliipata wapi?"

Lynette alikuwa ameacha kuandika. Andati alikohoa.

"Hawakupata," alisema. "Walishindwa."

"Halafu?"

"Halafu basi."

Wageni walitazamana. Hawakubisha, lakini pia hawakuondoka. Walikaa chini sakafuni, mgongo ukutani, wakasubiri mwisho hadi saa kumi na moja. Kesho yake walirudi wakiwa kumi na wawili.

"Si uwaambie," alisema Shantel, ambaye alikuwa amekuja kuchukua kikombe chake. "Si ni wewe uliandika? Ama mfalme wako kipofu hajui kuimba besi?"

Lynette alikwenda kwa Madam Ayuma. Mlango ulikuwa wazi, na Andati alisikia yote.

"Mimi najua, Lynette," alisema Madam Ayuma. "Kila mtu anajua. Lakini kampuni inasoma faili, na faili inasema hivyo. Ukienda kulalamika watafunga ofisi yote, na mimi nina watoto watatu."

Lynette alitoka, akasimama mbele ya meza ya Andati. Wageni walisogeza miguu kumpisha.

"Ungeniomba moja," alisema. "Ningekupa hata kumi."

"Nadhani faili ilijichanganya," alisema Andati.

"Ulipaacha pale kwa rangi ya magauni?"

"Nilipaacha. Palikuwa sawa."

Lynette aliitikia kwa kichwa. Alichukua sweta yake na kuondoka.

Andati alipewa kiti chenye magurudumu na kadi yenye picha yake. Wageni waliongezeka hadi wakajaa ngazini, na Mzee Wanzala akafungua kitabu cha pili. Hawakumlaumu mtu. Walikaa tu, wakivuta pumzi kupitia vichujio, wakimtazama. Wiki ya tatu, Jumamosi, Andati alikwenda Malava.

Lynette alikuwa akifanya kazi kwenye mashine ya kusaga mahindi ya shangazi yake. Nywele na kope zake zilikuwa nyeupe kwa unga. Alimwona Andati mlangoni akamalizia kujaza kopo la gorogoro la mteja kwanza.

"Wamekuwa wangapi?" aliuliza.

"Sitini na kitu."

"Wanakaa wapi mvua ikinyesha?"

"Ngazini."

Lynette alipangusa mikono. Alitazama nje kidogo, upande wa mashamba ya miwa. "Wametembea sana hao watu," alisema. "Leta kalamu."

Akamwambia. Katika kwaya ile kuna mjane mmoja ambaye miaka thelathini mwalimu wa kwaya amemwambia achezeshe midomo tu, kwa sababu sauti yake ni nzito mno kwa mwanamke. Chekalini, wimbo unapofika mahali patupu, yeye anafungua kinywa. Mwalimu anaangusha karatasi. Mjane mwenyewe anageuka nyuma kuangalia ni nani anaimba.

Andati aliandika yote. Kwenye kona ya daftari, bila kukusudia, kalamu yake ilikuwa imetoboa karatasi.

Jumatatu aliusoma mwisho huo kwa sauti. Wageni walilia ndani ya barakoa, wakampa mkono mmoja mmoja, wakasema ameandika vizuri. Kisha wakauliza kuhusu sinema nyingine. Tangu hapo akawa anakwenda Malava kila Jumamosi. Lynette hakukataa hata mara moja, wala hakumpikia chai.

Jumamosi ya sita, bibi mmoja wa Mji wa Jivu aliomba afuatane naye. Alisema miguu yake imezeeka na hajui kama Jumatatu itamkuta. Andati hakupata sababu ya kumkatalia.

Lynette alimpa bibi kiti chake, yeye akakaa juu ya gunia. Bibi aliuliza kuhusu katekista. Je, wakwe waliotaka kumnyang'anya mjane ng'ombe wake walimpata alikofichwa sakristia, kile chumba cha nyuma ya altare?

Andati alifungua daftari, lakini Lynette alikuwa tayari amemgeukia bibi, na akamweleza yeye mwenyewe. Wakwe wanaingia kanisani katikati ya ibada na fimbo zao. Watu wote wamenyamaza. Hapo hapo ng'ombe analia nyuma ya mlango. Mjane anafumba macho. Ndipo mzee mmoja wa kiti cha mbele, mtu mwenye heshima zake na tai, naye analia kama ng'ombe. Mkewe anafuata. Kisha safu ya pili, kisha watoto, hadi kanisa zima linalia kama zizi la jioni, na wakwe wanasimama katikati wasijue yupi ni yupi.

Lynette aliigiza mlio wa yule mzee mwenye tai. Bibi alivua barakoa. Chini yake palikuwa na uso wa kawaida wa bibi, wenye mistari ya mpira mashavuni, nao ulikuwa unacheka. Alicheka hadi akajipiga paja, hadi shangazi akatoka nyuma kuangalia kuna nini.

Andati aliutazama uso ule. Hakuna mtu aliyewahi kumvulia yeye barakoa.

Bibi alipotulia alijipangusa machozi na kusimama. Alimshika Andati mkono kwa mikono yake miwili.

"Asante, mwandishi," alisema. "Umenichekesha."

Kisha akamgeukia Lynette. "Na wewe asante, mama, kwa kiti."

Lynette alimtazama Andati, akasubiri. Andati alikuwa na mkono wa bibi mkononi mwake. Ulikuwa mkavu na wenye joto.

"Karibu tena," Andati alimwambia bibi.

Lynette aliinuka kutoka kwenye gunia, akalibeba, akamimina mahindi na kuwasha mashine. Andati alisogea karibu yake ili asikie, akageuza ukurasa, na kumuuliza sinema iliyofuata inaishaje.