Kilio cha Mubashara

Tangu asubuhi Verdiana alikuwa amesimama kwenye mchanga wa Kemondo, macho ziwani. Mtumbwi wa mwanawe Lameki ulikuwa umepinduka. Mwenzake aliyeokolewa alisema alimwacha ameng'ang'ania dumu la njano, na wavuvi walikuwa bado wanamtafuta kwa boti yao moja ya mashine.

"Mama, tunaingia mubashara," alisema Joyness, mtangazaji wa televisheni kutoka mjini. "Ukilia, itasaidia."

"Nilie nini, waitu, jamani? Mwanangu hajafa."

Avit, mpiga picha, alichungulia simu yake. "Dada, uso huu kama wa mtu anayesubiri kivuko. Watazamaji wanahamia kwenye harusi ya yule msanii."

Joyness akamshika Verdiana mkono. "Mama yangu, watu wakiwa wengi wakubwa wanaona aibu. Boti ya uokoaji inatoka Bukoba leo leo."

Boti hiyo walishaambiwa haina mafuta. Na kwao mama hapigi yowe kabla ya kuuona mwili. Yowe lake ndilo linalowaambia watu waache majembe, amepatikana, njooni tuzike.

"Kweli itakuja?"

"Itakuja."

Alianza kwa sauti ya chini. Avit akatikisa kichwa. Basi akashika kichwa kwa mikono miwili, akaachia.

"Lameki! Mwana wange! Lameki we!"

"Hivyo hivyo, mama!"

Juu kwenye migomba majembe yakanyamaza. Kengele ya kanisa ikalia. Wanawake wakashuka na mafungu ya nyasi za kutandika msibani. Na kule ziwani mashine ikageuza, ikarudi ufukweni.

Shemeji yake Rwekaza, mmoja wa waliokuwa wakitafuta, akaruka majini kutoka botini, kofia mkononi. "Pole, shemeji. Wamempatia wapi?"

"Hajapatikana! Rudini! Nimelizwa tu, Rwekaza, rudini!"

"Umelizwa?" Akawatazama wageni, akamtazama yeye. "Mafuta yameisha, shemeji. Tumeyamalizia kuja kukuzikia."

Verdiana akamkamata shati, akamvuta, akaanguka magotini. Sasa alilia bila kuambiwa.

"Usikate, Avit! Usikate hapo!"

"Watazamaji elfu hamsini," Avit alinong'ona. "Harusi tumeipita."

Nyuma ya Verdiana, kwenye pembe ya picha, kitu cha njano kikaibuka juu ya wimbi, kikapotea, kikaibuka tena. Avit akavuta picha karibu, machozi yajae kioo chote, na kile cha njano kikabaki nje.