Vyumba Kumi na Sita

...na hatua ya kumi na sita hakuijaribu, ndiyo hiyo tu, alijaribu ya moja, ya tatu, ya tano, akiruka moja moja mpaka ya kumi na tano, majibu yote yakatoka safi, akazima skrini akachukua koti lake akawahi treni, kosa lenyewe dogo kiasi hicho, na sasa Setsuko Kuramochi ameketi kwenye chumba cha mikutano cha ghorofa ya tatu, mikono mapajani, chai imepoa mbele yake, na Mkurugenzi Nagasawa anamuuliza mzee Iwabuchi kwa mara ya tatu, "Asilimia ngapi? Hebu nisomee tena, Iwabuchi, labda macho yangu ndiyo yaliyozeeka," na watu kumi na wawili wanacheka kidogo, kicheko cha kumridhisha mkubwa, naye mzee anasoma kwa sauti ileile, "Sita na robo," asilimia sita na robo ya nguvu zake, mashine iliyowala miaka minne, mashine inayopewa amri moja ikakokotoa safu nzima ya namba, sitini na nne kwa mkupuo, walipelekewa watu wa hali ya hewa wiki iliyopita waijaribu, na huko ikakwama, kwa sababu majedwali yao husomwa kwa kuruka, namba ya kwanza, kisha ya kumi na saba, kisha ya thelathini na tatu, hatua kumi na sita kila mara, ileile asiyoijaribu, na kumbukumbu ya mashine imegawanywa vyumba kumi na sita, basi kila namba inayotakiwa imo chumba kilekile, foleni kwenye mlango mmoja na milango kumi na mitano haina mtu, na vikokotozi vya bei mbaya vimekaa vinangoja, na vyumba ni vyangu, anawaza Setsuko, nilivichora mimi, sema, sema sasa hivi... lakini Mwalimu, mzee huyuhuyu Iwabuchi, alikwisha kumwambia, kiangazi kile, amekunja mikono ya shati, chaki mpaka kwenye nyusi, "Weka kumi na saba, Setsuko. Kumi na saba haigawanyiki. Waruke watakavyoruka, namba zitatawanyika," na yeye akamjibu mbele ya wenzake wote, "Mwalimu, nani atakaa anagawanya kwa kumi na saba kila mara? Waya zitatujaa mpaka darini," wakacheka, na mzee naye akacheka, maana alikuwa hajui kununa, akasema, "Haya, basi jaribu kila hatua mpaka sitini na nne, ndipo nigonge muhuri," na baada ya siku tatu akamwambia, "Nimejaribu zote, Mwalimu," bila kupepesa, naye akagonga muhuri wake mwekundu bila hata kufungua faili, yeye aliyemfundisha kila kitu pale ambapo wengine walimtuma kumimina chai... "Nauliza," anasema Nagasawa, "nani alihakiki?" na Setsuko anawaza, nitasema, nikihesabu tatu nitasema, moja, mbili...

"Mimi," anasema Iwabuchi.

"Wewe mwenyewe?"

"Mimi mwenyewe. Kuramochi alitaka vyumba kumi na saba. Nilimkatalia."

...uongo mara mbili, na hamtazami hata kidogo, anatazama ukingo wa meza, na Nagasawa anaegemea kiti taratibu kama mtu aliyeshiba, "Miaka ishirini na tisa hapa, na umeshindwa kuhesabu mpaka kumi na sita. Mjukuu wako yuko darasa la ngapi?" "La kwanza." "Mlete kesho. Atatufaa," na chumba kizima kinacheka, safari hii kwa nguvu, na Setsuko anashtuka kugundua kwamba mdomo wake umepanda upande mmoja, kwamba sauti ile nyembamba ni yake, amecheka, na mzee ameisikia, lazima ameisikia, masikio yake yamekuwa mekundu... "Kuanzia kesho uko ghala la vipuri," anasema Nagasawa, "wanahitaji mtu wa kubandika lebo. Na wewe, Kuramochi, hiyo kumi na saba yako, wiki ngapi?" na wote wanageuka kumtazama, na yeye anaingoja aibu ije imng'ate, anaijua, ilimng'ata wiki nzima, haiji, kinachokuja ni hesabu, wiki mbili, hata moja, kwa maana mchoro upo, Mwalimu aliuchora kwa penseli wakati wa baridi, njia ya kugawanya kwa kumi na saba kwa waya chache tu, akamwachia juu ya meza, utazame ukipata nafasi, na jina hakuandika, hana tabia ya kuandika jina... na baada ya hesabu inakuja hasira, ni nani aliyemwomba? Nani aliyemtuma anifunike? Anayekufunika si lazima awe amekwisha kukuona uchi? Na ghala liko hapo chini tu, atakutana naye kila adhuhuri kwenye bwalo, sinia mkononi, wali na samaki wake wa kukaanga, atamwinamia kichwa, hatamdai neno, hatamlaumu, atamuuliza tu mama yake anaendeleaje, na hilo ndilo asiloweza kulivumilia, upole ule, siku baada ya siku, mpaka mmoja wao astaafu... "Kuramochi?" anasema Nagasawa, anangoja, wote wanangoja, na mzee ameinua macho hatimaye, anamwashiria kidogo kwa kichwa, haya, sema, kama alivyokuwa akifanya alipomsimamisha ubaoni mara ya kwanza, na Setsuko anafikiria kiwanda cha kampuni kilichoko kaskazini, theluji miezi mitano, hakuna anayerudi kutoka huko, anatafuta maneno ya heshima ya kusema kwamba mzee angepumzika vizuri zaidi kule kuliko ghalani, na anashangaa yalivyo mengi, na jinsi yanavyokuja upesi.