Mtoto Asiyebebeka

Siku ile mjinga alikuwa Alimasi, na hakuna anayembishia. Yeye mwenyewe ndiye wa kwanza kulisema, na akishalisema hakuachii nafasi ya kuongeza.

Alikuwa amerudi alfajiri kutoka upande wa Rumangabo na Fuso la kabichi, hajalala, amenawa uso tu. Binti yake Fatouma alikuwa amejishikiza kwenye suruali yake kama kawaida, akijivuta kusimama. Kisha akaachia. Akapiga hatua, akayumba kama mlevi wa pombe ya ndizi, akapiga nyingine, akamkamata kuku mkia. Waridi, mama yake, alipiga vigelegele hadi majirani wakadhani kuna posa.

"Huyu ni dereva," Alimasi akasema. "Angalia vile anakata kona."

Walikuwa wamehamia Bulengo karibuni wakitokea Majengo, na Majengo mtoto unamweka chini popote. Bulengo kuna mazuku. Mazuku ni upepo mbaya unaotoka ardhini, kwenye nyufa za mawe ya volkano, na kulala mashimoni mpaka jua lipande. Hauna rangi, na haupandi juu. Mtu mzima anapita humo kichwa kikiwa nje, anapiga mluzi, anatoka. Kuku, mbuzi na mtoto wanabaki. Ndiyo maana asubuhi watu wa huko hubeba watoto mgongoni, hata wale wanaojua kukimbia, na kwenye kila shimo husimika kibao chekundu. Shimo la Papa Magloire, alilolichimba kupata mawe ya kujengea kisha akaliacha wazi, lilikuwa na kibao chake. Alikiondoa juma lile lile. Alitaka kuuza parseli, kiwanja chake hicho, na kibao kilikuwa kinawafukuza wanunuzi.

Basi Alimasi akashuka shimoni kuchagua mawe ya ukuta wa jikoni, Fatouma mabegani. Akamshusha ili atembee tena.

"Kuya kwa papa," akamwita, akirudi kinyumenyume, mikono wazi.

Fatouma akatembea, akakaa, akalala. Walikuwa na mchezo wao wa kujifanya wamelala, anayefungua jicho kwanza ameshindwa. Alimasi akasimama pale, upepo safi wa ziwa ukimpiga usoni, akamchekea, akangoja afungue jicho.

Walimzika siku hiyo hiyo baada ya adhuhuri.

Kesho yake, saa ya kuogeshwa, Fatouma akaingia mlangoni. Nyayo zake zilikuwa na vumbi jeusi la mawe. Waridi alikuwa amechemsha maji kwa mazoea tu, akayamimina kwenye beseni, kisha akakaa kando yake bila kujua ayafanyie nini.

"Umechelewa," akamwambia. "Maji imepoa."

Akamwogesha. Akamsugua nyuma ya masikio na kati ya vidole, na Fatouma akapiga maji kwa viganja kama siku zote, akamlowesha mama kifua kizima. Alimasi aliposikia maji yanaruka akatoka chumbani mbio, akamnyakua amwinue juu. Akabaki na mikono mitupu, imelowa. Fatouma alikuwa bado ndani ya beseni, amenuna kidogo, sabuni kichwani.

Walijaribu tena mara kadhaa, kisha wakaelewa. Chini ya usawa wa dirisha mtoto alikuwepo. Juu ya hapo hakuwepo.

Basi nyumba ikashuka. Alimasi alikata miguu ya meza na ya kitanda. Chakula walikila kwenye mkeka. Ikibidi Waridi ampeleke jikoni, alimfunga mgongoni kwa kikwembe na kutambaa naye kwa magoti, polepole, akimwimbia, na mtoto akishika shingo ya mama kama anayesafiri mbali. Jirani yao Mama Athanasie, mzee wa watu wa Rutshuru, alikuja na mkungu wa ndizi. Alipoona wenye nyumba wako chini, naye akashuka, akilaumu kiuno chake njia nzima.

"Ameota meno?" akauliza.

"Ya chini, mbili."

"Basi, Mama Fatu, chunga titi."

Kulea ni kulea. Fatouma alikula sambaza, dagaa wa ziwani, na vichwa vyao. Alivaa kiatu kimoja cha baba yake, akalala nacho. Neno lake la kwanza lilikuwa "apana", na alilitumia vizuri: apana kwa uji, apana kwa sabuni, apana kwa shehe aliyekuja kuomba dua na kumshika shavu. Meno yaliongezeka, maneno yakaongezeka. Urefu, hapana.

Alimasi ndiye aliyebadilika. Sijida zake zikawa ndefu mno, kwa sababu kila paji la uso lilipogusa mkeka, mtu alikuja kumshika pua. Watu wa msikitini walimsifu kwamba msiba umemfanya mcha Mungu. Yeye akawaambia Mungu anajua nani anamshika pua. Lakini siku za safari alipanda Fuso lake, na kule juu kwenye kabini hakuwa na mtoto. Alikuwa na usukani tu na kiti kilichojaa makombo ya biskuti ya zamani. Madereva wenzake walisema hatanii tena barabarani. Walisema pia kwamba akifika mahali, akishashuka chini, hukaa kwanza kando ya gurudumu, anaangalia kushoto na kulia.

Waridi hakuwa na neno na mkeka wala na kutambaa. Neno lake lilikuwa shimo. Bienvenu, mjukuu wa Mama Athanasie, alikuwa ameanza kusimama kwa kushika ukuta, na kutoka ukuta ule mpaka shimoni ni mteremko. Akafunga kilemba, akaenda kwa shefu wa avenu, mkuu wa mtaa wao, kumshitaki Papa Magloire, ili shimo lifukiwe, au walau kibao kirudi.

"Nani alikufa?" shefu akauliza.

"Fatouma wangu."

"Fatouma ule niliona jana anakula sambaza?"

"Ule ule."

Shefu alikuwa mtu mwema. Alijikuna kidevu, akafikiri kweli kweli.

"Mama Fatu, maiti inayokula, mimi nitaishitakia wapi?"

Jumapili, watu wakitoka misa, Papa Magloire akaja mwenyewe. Hakuja kwa ubaya. Alikuja na suti yake, na mjukuu wake Daniella mabegani, gauni jeupe, soksi nyeupe, anamshika babu masikio yote mawili. Waridi alikuwa chini na beseni. Papa Magloire aliinama kidogo, kwa uangalifu, asimmwage mtoto, akamtazama Fatouma.

"Huyu mbona ananona!" akasema.

"Anakula kupita Fuso," Alimasi akajibu. Akacheka peke yake, akaacha.

"Sasa shida iko wapi, Papa Fatu? Munasema jina langu kwa shefu kama mimi ni muuaji."

"Kibao, Muzee. Mukirudishe tu. Kuna mutoto wa jirani anaanza kutembea."

"Kibao inaharibu parseli. Kuna mutu anakuja kuiona." Papa Magloire alimsogeza Daniella vizuri begani. "Na mimi nauliza kama mutu muzima: wenu si alipita mule? Na ule pale. Ana meno, anasema, hakohoi hata kidogo. Hamumupeleki hospitali, hamumuogopei barabara. Wazazi wangapi hapa Goma wanaweza kusema vile? Mimi sioni mutu mwenye alipoteza kitu."

Kibao hakikurudi juma lile, wala baadaye, na shimo bado liko wazi. Mnunuzi alikuja, akasifu jinsi ziwa linavyoonekana kutoka pale.

Jumapili ile Fatouma alimwona mtoto mwenzake kule juu. Akainua sambaza moja kwa vidole viwili, akaita: "Kuya!"

Daniella akaanza kujinyonganyonga ashuke. Alipiga mateke kwenye suti, akalia, akanyoosha mikono yote chini. Papa Magloire akamkamata vifundo vya miguu, akavibana mpaka soksi zikakunjika.

Waridi alikuwa anamsuuza Fatouma mgongo. Hakuinua macho.

"Basi kesho asubuhi na mapema, Papa Magloire, mumushushe Daniella mule kwa shimo. Na yeye atanona."