Goti la Fundi Saa

Fundi saa alikuwa na desturi ya kuunyanyua mguu wake wa kulia kwa mkono, ameshika suruali pajani, kama mtu anayemvusha mtoto wa jirani barabara. Goti lile halikunyooka lenyewe miaka mingi, wala hakulionea haya. Lilimfaa mno. Akiitwa msibani, goti. Akiombwa kusogeza kitanda, goti. Mkewe alizoea kusema kwamba goti la mumewe lina akili, maana halijawahi kuuma siku ya kula harusini.

Ila kazi yake kubwa ilikuwa moja: kumzuia asimtembelee dada yake, aliyekaa ghorofa ya tatu kwenye jengo lisilo na lifti. Huko ndiko lilikoumia. Fundi alikuwa akimsaidia dada huyo kupandisha kabati, akateleza, akasikia kitu kikikatika gotini, akabingirika hadi zilipopinda ngazi, kabati likimfuata. Dada akachungulia kutoka juu, akapiga ukelele: "Jamani, kabati!" Palepale chini fundi akaapa kwamba hatazipanda tena ngazi zile. Mguu aliusugua kwa mafuta. Moyo hakuusugua kwa chochote.

Mpaka siku goti lilipomwachia karakanani, akaiangukia saa ya ukutani ya mteja, na mteja mwenyewe amesimama hapo. Mkewe hakubishana naye tena. Alimpeleka hospitali.

Daktari mpasuaji alibonyeza chini ya pia ya goti, kidole kikazama.

"Mzee, kano ilikatika hapa zamani. Ungekuja wiki ileile tungeshona tu. Kitu kikikatika kikaachwa, kila upande hujivuta kwao. Itabidi tuivute taratibu, kisha tuchukue kano nyingine nyuma ya paja, tuunganishe."

"Hiyo nyingine haina kazi?" aliuliza fundi, kwa mashaka ya mtu anayejua vipuri.

"Inayo. Lakini ina wenzake wa kuisaidia."

Mkewe akaguna. "Kumbe hata kano zina ndugu."

Fumbo mfumbie mjinga. Fundi alilielewa lote.

Watu walidhani anaogopa kisu. Kisu hakukiogopa sana, aliogopa kupona. Baada ya kupasuliwa alikaa nyumbani na magongo yake, na kila mkewe alipomletea salamu za dada, alijibu, "Mwambie bado sijaweza." Alijibu kwa raha, kwa kuwa ilikuwa kweli.

Raha hiyo ilikatizwa na mtaalamu wa mazoezi ya viungo, binti mpole asiyebembelezeka.

"Sasa baba, ngazi ndefu. Mara moja kwa wiki inatosha, usijitie ujana. Nyumbani mna ngazi?"

"Hatuna."

"Kazini?"

"Karakana iko chini."

"Hakuna mtu unayemjua anayekaa ghorofani?"

"Hakuna."

Mkewe akakohoa. Kilikuwa kikohozi kirefu, chenye anwani.

Basi akapanda, mguu mzima mbele kama alivyofundishwa, mkono kwenye chuma cha ngazi. Njiani aliyapanga upya maneno makali aliyoyatunza miaka yote, lakini kila ghorofa ilimnyang'anya mengine, na alipobisha mlango alibaki na pumzi tu, nayo haikutosha.

Dada akafungua. Alikuwa amezeeka, jambo ambalo fundi hakulitarajia. Hakumsalimu. Alichuchumaa kwa shida, akaipandisha ile suruali hadi juu ya goti, akaufuata mshono kwa kidole.

"Niliuona mguu ulivyopinda siku ile," alisema bila kuinua uso. "Nikaogopa kuutaja. Nikataja kabati."

Fundi alitaka kucheka, akashindwa. Ilimuuma kwamba hakuwahi kuuliza. Alimshika dada mkono, akamwinua, na goti likawastahimili wote wawili.

"Kaa upumzike," dada alisema, akimvutia kiti. Alipangusa macho kwa upindo wa kanga, kisha akajifanya mkali. "Na hizi ngazi, wamekwambia upande mara ngapi?"

Fundi alijinyoosha kitini, akafikiri kidogo.

"Kila siku," akajibu. "Ni wakali sana pale."